Mama Beijing na Kura za Ukerewe

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa historia ya siasa zoezi lililoonekana jepesi. Kila mmoja alitakiwa kuandika kurasa nne juu ya mwanamke aliyeongoza taasisi kubwa ya kisiasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aeleze alikotoka, nani aliyempandisha na nani aliyemshusha. Darasa lina wanafunzi sitini na wachache. Nilipokusanya kazi zao nilikuta zaidi ya nusu wameandika juu ya Angela Merkel wa Ujerumani. Wengine walimchagua Margaret Thatcher, baadhi Ellen Johnson Sirleaf, na kadhaa Rais Samia Suluhu Hassan. Watatu tu waliandika juu ya Getrude Mongella, na kati ya hao mmoja ni mwenyeji wa Ukerewe. Insha yake ilikuwa fupi kuliko zote. Ilikomea mwaka 1995, nusu ukurasa, kana kwamba mama huyo alifariki Beijing.

Sikuwalaumu. Maisha ya Merkel yamo katika kila simu, tarehe zimepangwa, picha zimechaguliwa, na mwanafunzi mwenye haraka hahitaji kutoka nje ya bweni. Insha nyingi zilikuwa nzuri. Zilieleza jinsi alivyozaliwa Hamburg mwaka 1954 na kuhamishwa akiwa mchanga kwenda Ujerumani Mashariki, kwa sababu baba yake mchungaji alipewa kazi huko. Jinsi alivyosomea fizikia hadi shahada ya uzamivu. Jinsi Kansela Helmut Kohl alivyomwingiza katika baraza la mawaziri Januari 1991 kama Waziri wa Wanawake na Vijana. Na jinsi yeye mwenyewe, Desemba 1999, alivyoandika makala gazetini akikitaka chama chake cha kihafidhina, CDU, kijitenge na huyo huyo Kohl aliyekuwa amechafuliwa na kashfa ya michango ya siri. Miezi michache baadaye akawa mwenyekiti wa chama. Mwaka 2005 akawa Kansela, akakaa miaka 16.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo karibu wote walilipita bila kulitazama. Merkel hakuingia bungeni kwa orodha ya chama peke yake. Desemba 1990 alisimama katika jimbo la pwani ya kaskazini-mashariki lenye kisiwa cha Rügen, kisiwa kikubwa kuliko vyote nchini mwake. Ipo picha maarufu ya kampeni hizo: mwanamke asiyejulikana bado, ameketi ndani ya kibanda pamoja na wavuvi, wote kimya. Alishinda jimbo hilo mara nane mfululizo na hakuwahi kulipoteza. Alipoamua kutogombea tena mwaka 2021, chama chake kilinyang'anywa jimbo hilo na mgombea wa SPD, binti wa umri wa miaka ishirini na kitu.

Kisiwa, wavuvi, mwanamke aliyepandishwa na wakubwa wa chama kisha akarudi kuomba kura kwa watu wenye nyavu. Mtu wa Mwanza akisoma habari hiyo hawezi kuwaza kisiwa kingine.

Mongella alizaliwa Ukerewe tarehe 13 Septemba 1945. Mwaka huo huo, katika kisiwa hicho hicho, Aniceti Kitereza alikuwa amekamilisha kuandika kwa Kikerewe riwaya yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambayo ingesubiri hadi 1980 kuchapishwa kwa Kiswahili. Nautaja mwaka huo kwa sababu watu wa bara hupenda kukizungumzia kisiwa hicho kama mahali pa machungwa na dagaa tu. Kilikuwa na wasomi, kilikuwa na misheni ya zamani, na baadaye kilimtoa pia Pius Msekwa, Spika wa Bunge kuanzia 1994 hadi 2005.

Binti Getrude alitoka kisiwani akiwa bado mdogo kwenda kusoma Marian College, Morogoro, shule ya masista wa Maryknoll kutoka Marekani, ambayo leo tunaiita Kilakala. Tuitafakari safari yenyewe. Mtoto wa Ukerewe wakati ule alivuka ziwa hadi Mwanza, akapanda treni, akapitia Tabora na Dodoma, na hakurudi nyumbani mwisho wa wiki. Aliyerudi baada ya safari kama hizo hakuwa yule yule aliyeondoka. Akaendelea hadi Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akahitimu shahada ya ualimu mwaka 1970, akafundisha Chuo cha Ualimu Chang'ombe, kisha akaingia Taasisi ya Elimu kutunga mitaala. Kwa kazi na kwa tabia alikuwa mwalimu, na nadhani hilo linaeleza mengi kuliko cheo chochote alichopata baadaye.

Kupanda kwake kulikuwa kwa haraka. Mwaka 1975 alikuwa tayari mjumbe wa Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza iliyokufa 1977. CCM ilipozaliwa mwaka huo wa 1977 aliingia Kamati Kuu, akakaa humo hadi 1992. Bungeni aliingia 1980. Mwaka 1982 akawa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, na kati ya 1985 na 1987 aliongoza Wizara ya Ardhi, Maliasili na Utalii. Ikumbukwe kwamba wanawake wa kwanza kushika wizara kamili nchini, Tabitha Siwale na Julie Manning, waliteuliwa 1975 tu. Mongella alikuwa katika safu ya pili, nyuma yao kwa miaka saba.

Hapa ndipo neno la wanafunzi wangu, uhafidhina, linapokuwa gumu. Je, Mongella alikuwa mhafidhina? Katika Tanzania ya chama kimoja hapakuwa na chama cha wahafidhina, na hata leo hakuna anayejiita hivyo hadharani. Lakini uhafidhina unaweza pia kuwa mwenendo: kuheshimu taasisi, kuamini kwamba mambo hubadilika kwa vikao na maazimio, kutoipinga nyumba iliyokulea mbele ya majirani. Kwa kipimo hicho Mongella alikuwa mhafidhina wa kutosha. Mwaka 2002 aliongoza waangalizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika katika uchaguzi wa Rais wa Zimbabwe. Ujumbe huo uliuridhia uchaguzi, wakati waangalizi wa Jumuiya ya Madola, chini ya Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, walisema mazingira hayakuruhusu wananchi kueleza matakwa yao kwa uhuru. Mimi naamini Jumuiya ya Madola ilikuwa sahihi zaidi. Lakini naelewa pia kwamba mtu aliyekaa Kamati Kuu miaka 15, katika kizazi kilichowahifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe, hakuutazama uchaguzi ule kwa macho ya mgeni.

Na mtu huyu mwenye mwenendo wa kuheshimu taasisi ndiye aliyepewa kazi ya kupindua mambo. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ulimteua kuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake. Alikuwa India wakati huo, akiwa Balozi wetu.

Wengi tunakumbuka mkutano wa Beijing kama hotuba, hasa ile ya Hillary Clinton. Kazi yenyewe ilikuwa ya vikao vya usiku. Rasimu ya Jukwaa la Utekelezaji ilifika Beijing ikiwa na aya nyingi ndani ya mabano, maana yake serikali hazijakubaliana. Katika matayarisho, hata neno la jinsia lenyewe lilikuwa limezua ugomvi juu ya maana yake. Vatikani ilituma ujumbe ulioongozwa na profesa wa sheria wa Marekani, Mary Ann Glendon, na Mongella, aliyelelewa na masista, alilazimika kuratibu mazungumzo ambamo Kanisa lake lilikuwa na pingamizi nyingi. Juu ya hayo, serikali ya China ilikuwa imelihamisha jukwaa la asasi za kiraia kutoka mjini Beijing hadi Huairou, umbali wa kilomita hamsini hivi, na wanaharakati wapatao 30,000 wakajikuta wakikanyaga matope ya mvua na kumlaumu kila aliyekuwa karibu. Kuanzia tarehe 4 hadi 15 Septemba 1995 mwalimu wa Chang'ombe alisimama kati ya pande zote hizo. Mwishoni nchi 189 zilikubali hati moja. Akatangaza kwamba mapinduzi yameanza na hayarudi nyuma.

Mwaka huo huo wa 1995, miezi mitano kabla, Merkel aliongoza mjini Berlin mkutano wa kwanza wa nchi wanachama wa mkataba wa tabianchi. Mikutano yote miwili ilikuwa shule ya ustadi ule ule: kukaa na watu wasioelewana hadi alfajiri na kutoka na karatasi moja. Merkel aliutumia ustadi huo kupanda ndani ya chama chake. Mongella alirudi nyumbani na jina la Mama Beijing, na nyumbani jina hilo lilikuwa na makali pande mbili.

Sisi tuliokuwa vijana miaka ile tunakumbuka. Neno Beijing liligeuka mzaha wa vijiweni. Mke akihoji matumizi ya nyumbani, mume alisema huyu naye ameshakwenda Beijing. Binti akikataa kuolewa alikuwa na mambo ya Beijing. Tulicheka, na mimi nilicheka, nikiwa kijana ambaye hakuwa amesoma hata aya moja ya hati ile. Wakati tunacheka, sheria zilikuwa zinabadilika: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999, zilizotamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume kupata na kumiliki ardhi. Sitadai kwamba Beijing peke yake ndiyo iliyozileta. Wanasheria na wanaharakati wetu walizipigania kwa miaka. Lakini walikuwa na hati mkononi ambayo serikali ilikwisha kuikubali.

Jambo ambalo insha za wanafunzi hazikuliona, na ambalo kwangu ndilo kiini cha maisha haya, ni tarehe. Tanzania ilirejesha mfumo wa vyama vingi Julai 1992. Mongella alikuwa India, kisha New York. Aliondoka katika siasa ambamo mwanasiasa hupimwa na vikao vya juu. Aliporejea alikuta siasa ambamo mpinzani anaweza kusimama sokoni Nansio na kumuuliza mbunge maswali kwa kipaza sauti. Angeweza kukwepa. Viti maalumu vya wanawake vilikuwa vinaongezwa, hadi asilimia 30 ya Bunge ifikapo 2005, na hakuna ambaye angemnyima Mama Beijing nafasi katika orodha. Badala yake alikwenda jimboni. Mwaka 2000 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Ukerewe, na 2005 akachaguliwa tena.

Kisha dunia ikamwita kwa mara nyingine. Tarehe 18 Machi 2004, mjini Addis Ababa, alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Heshima ilikuwa kubwa, mamlaka yalikuwa madogo: chombo hicho kilikuwa cha ushauri, hakikutunga sheria, na kila nchi ilipeleka wajumbe watano, angalau mmoja akiwa mwanamke. Makao yakawa Midrand, Afrika Kusini. Alikaa hadi 2009, na miaka ya mwisho haikukosa manung'uniko kuhusu uendeshaji wa ofisi. Idriss Ndele Moussa wa Chad akachukua nafasi yake.

Fikiria ramani. Mbunge wa Ukerewe ana visiwa zaidi ya thelathini. Kutoka Nansio kwenda Ukara ni kuvuka maji. Kutoka Rugezi kwenda Kisorya upande wa Bunda ni kuvuka maji. Mgonjwa anayepelekwa Bugando anavuka maji. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia, na hakuna familia ya ziwa hili iliyopanda chombo baada ya siku hiyo bila kuhesabu watu kwa macho. Jimbo kama hilo linamdai mbunge miguu yake, kila wiki. Midrand iko mbali.

Oktoba 2010 Mongella alishindwa na Salvatory Machemli wa CHADEMA. Usiku ule Mwanza nzima ilitikisika: Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, alipoteza Nyamagana, na Anthony Diallo akapoteza Ilemela, wote kwa CHADEMA. Kwa hiyo wimbi lilikuwapo, na si haki kumbebesha mtu mmoja wimbi zima.

Ninasikia mara kwa mara, hasa katika semina za jinsia, kwamba Ukerewe ilimkataa kwa sababu ni mwanamke. Ushahidi haukubali. Watu hao hao walikuwa wamemchagua mara mbili. Na mwaka ule ule wa 2010, ng'ambo ya ziwa, Anna Tibaijuka alirudi kutoka uongozi wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, akagombea Muleba Kusini kwa tiketi ya CCM na kushinda. Jina la kimataifa halikumzuia. Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba Tibaijuka alirudi kwanza ndipo akaomba kura, wakati Mongella aliomba aongezewe muda baada ya miaka mitano ya kugawanyika kati ya Nansio, Dodoma na Midrand.

Nilikwenda Nansio miaka kadhaa baada ya uchaguzi huo, kwa shughuli nyingine, nikakaa sokoni na mama mmoja muuza dagaa. Aliniambia kwamba anajivunia Mama Mongella kuliko mwanasiasa yeyote, na kwamba 2010 hakumpigia kura, na aliyasema yote mawili kwa pumzi moja bila kuona mgongano wowote. Nilikuwa na daftari, nikaandika, lakini nilichukua muda mrefu kumwelewa. Alikuwa anatenganisha heshima na kazi. Sisi wasomi tulizoea siasa ambamo vitu hivyo viwili vilitolewa pamoja kutoka juu.

Swali la vivuko halikuondoka na Mongella. Mwaka 2015 jimbo lilikwenda tena CHADEMA. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache tu kabla ya kufika gatini Ukara, kikiwa kimezidisha uwezo wake wa watu 101, na zaidi ya watu 200 walikufa. Wengi walikuwa wanawake wa aina ya yule niliyeketi naye, wakiwa na mizigo ya biashara. Hati ya Beijing ina sura kuhusu wanawake na umaskini, kuhusu wanawake na uchumi. Haina sura kuhusu gati.

Mlinganisho wangu na Rügen una kasoro, na mwanafunzi makini ataniumbua. Kisiwa kile kina daraja. Merkel hakuhitaji kuwaahidi wapiga kura wake usalama wa kuvuka. Chama chake kilishindana tangu siku ya kwanza, wakati chetu kilijifunza kushindana ukubwani. Isitoshe, Wajerumani waliotawala Mwanza hadi Julai 1916, na ambao kansela wao mkubwa bado ametuachia jina juu ya jiwe pale ufukweni, hawakuwa na la kumfundisha yeyote kuhusu wanawake: huko Prussia mwanamke alikatazwa kujiunga na chama cha siasa hadi 1908, na kura hakupiga hadi Januari 1919. Merkel mwenyewe alisita miaka mingi kujiita mpigania haki za wanawake, akakubali waziwazi Septemba 2021 tu, akiwa jukwaani Düsseldorf pamoja na Chimamanda Ngozi Adichie, wiki chache kabla ya uchaguzi ambao hakugombea. Mongella alikuwa amelitamka hilo mbele ya dunia miaka 26 kabla.

Yule mwanafunzi wa Ukerewe nilimrudishia nusu ukurasa wake bila alama. Niliandika pembeni swali moja: baada ya 1995 je? Nikamwambia aende nyumbani likizo, aulize wazee, aulize wavuvi, aulize waliompigia na waliomnyima, na asiniletee chochote kutoka kwenye simu. Amerudi wiki iliyopita na kurasa kumi na moja za mwandiko wa mkono. Bado nazisoma. Ukurasa wa kwanza hauna Beijing wala Addis Ababa; umeanza na nauli ya kivuko cha Rugezi, mwaka kwa mwaka, jinsi bibi yake anavyoikumbuka.